Shahidi Hajatoa Rangi

Walimwambia avue koti. Naanza hapo kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kuudhika, na tangu siku ile sijapoa.

Mwenzetu wa Kakuma alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chao cha kazi, koti jeupe la maabara limefungwa vifungo mpaka shingoni. Mpiga picha aliyekuja na timu ya Nairobi akamwomba, kwa upole kabisa, alivue, ajitwike mtungi wa maji na atembee polepole kuelekea kwenye kamera. Ati picha itapendeza. Mwenzetu akamtazama, akacheka, akamwambia kwamba yeye maji huyaleta kwa mkokoteni, na kichwani hajawahi kubeba kitu kizito kuliko kofia. Mpiga picha alidhani ni mzaha. Mwishowe wakampiga picha mama mmoja aliyekuwa anapita zake na mtungi, hana habari na sisi wala mashindano yetu, na picha hiyo ndiyo iliyowekwa juu kabisa kwenye ukurasa wa mradi mtandaoni. Mwenye mradi mwenyewe hakuonekana hata kisigino.

Mimi ni mtoto wa Lodwar wa kuhamia. Baba alitoka Pwani kuja kufundisha, mimi nikiwa bado mgongoni mwa mama, na hatukurudi tena. Nimekua na joto hili na vumbi hili, nikisalimiwa ejok nami naitika ejok, na mtu akiniuliza kwetu ni wapi namwambia Lodwar, akibisha shauri yake. Nilipoingia chuo hapahapa mjini tukaunda timu ya wanafunzi wa baiolojia sintetiki. Neno lenyewe linajaza mdomo, najua. Baba alipolisikia aliuliza kama linatibika. Lakini maana yake si ngumu: unachukua vipande vya jeni, unavipanga upya ili vifanye kazi unayotaka wewe. Kazi tuliyoitaka sisi ilikuwa moja. Maji ya visima vingi vya huku yana floraidi nyingi kupita kiasi. Ndiyo maana watoto wanaota meno ya kahawia, na wengine wakikua mifupa inawatesa. Tulitaka kipimo ambacho mama yeyote angeweza kukitumia uani kwake bila mashine.

Tulikuwa timu tatu. Nairobi walikuwa na maabara yenye kila kitu, basi wao walitengeneza unga. Unga huo ni utomvu wa bakteria waliosagwa, si bakteria wazima, umechanganywa na jeni zilizopangwa ili zitoe rangi ya manjano zikikutana na floraidi, kisha ukakaushwa. Ukiudondoshea maji na kuuweka kwenye joto, baada ya muda unapata jibu. Sisi wa Lodwar kazi yetu ilikuwa kutafuta maji ya visima na kuongea na wenye visima. Kakuma, wanafunzi wa kambi ya wakimbizi wanaosomea kwenye kituo cha masomo ya mbali, wao ndio waliokaa chini wakafikiri kitu hiki kitatumikaje na mtu asiye na maabara.

Na kwa Kakuma nikisema wao, zaidi ni yeye, yule wa koti. Wazazi wake walikimbia Sudan Kusini akiwa mdogo sana. Mama yake ana duka la unga na sukari, yeye mwenyewe anaimba kwaya kila Jumapili, na hana sauti ya juu hata akikasirika. Tulikuwa tunaitana dada. Ni yeye aliyeona kwamba maelekezo ya Nairobi, yaliyosema mirija iwekwe kwenye mashine ya kupasha joto, kwetu hayana maana, kwa sababu meza ya Kakuma saa saba mchana ina joto lilelile. Kapteni wa Nairobi hakuamini mpaka alipokuja akaiweka mirija mezani mwenyewe, akakaa kuitazama huku jasho linamtiririka mpaka kwenye soksi. Kwao Nairobi, siku mashine ilipoharibika, walikuwa wanaikumbatia mirija kwapani.

Na ni yeye aliyekuja na habari ya shahidi. Hapa naomba msomaji anisikilize, kwa sababu ugomvi wote umekaa hapa. Kila maji yalipimwa kwa mirija miwili. Wa kwanza ni wa kipimo: ukigeuka manjano, maji yana floraidi nyingi, ukibaki mweupe, maji ni mazuri. Wa pili yeye aliuita shahidi. Ndani ya shahidi floraidi imeshatiwa tayari, kwa hiyo lazima ageuke manjano kwa maji yoyote yale, ya mvua, ya kisima, ya chupa ya dukani. Asipogeuka, ujue unga umeharibika, au ndani ya maji kuna kitu kinachouzuia kufanya kazi, na weupe wa ule mrija wa kwanza hauna maana yoyote. Ni rahisi hivyo. Mwanafunzi wa sekondari analielewa kwa kuambiwa mara moja.

Sasa, mashindano tuliyoyaingia yalikuwa na sharti: timu lazima ionyeshe kwamba imeshirikiana na timu nyingine kwa kazi ya kweli. Ndiyo sababu Nairobi walitutafuta, tusidanganyane. Lakini walitutafuta vizuri. Kapteni alikuwa kijana mwenye adabu, kila ujumbe anaumaliza kwa kutushukuru kwa mchango wetu, na alimwahidi dada mbele yetu sote kwamba siku ya fainali atasimama jukwaani Nairobi aeleze mirija yake mwenyewe. Atamwandikia barua ya mwaliko.

Barua hiyo kwa mtu kama mimi ni karatasi tu. Mimi nikitaka kwenda Nairobi napanda basi. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, na kibali cha safari kama ile hakiombwi mikono mitupu: lazima kuna mtu huko nje amekuita, na ameandika kwamba amekuita. Dada alikuwa hajawahi kufika Nairobi. Alianza kujizoeza majibu huku anaosha vyombo. Mama yake akanieleza kwamba siku hizi sufuria za nyumba hiyo zote zinajua habari ya floraidi.

Basi tukafika kwenye maji ya kijiji cha Nakalale. Kwenye timu yetu ya Lodwar kulikuwa na mvulana wa huko, na shangazi yake anaishi karibu na pampu ya kisima tulichokitaka. Alimpigia simu mapema kwamba tunakuja na wageni, tunataka maji ya pampu. Tulipofika tukakuta shangazi ameshayateka tangu alfajiri, ameyaweka ndani kivulini, hataki mgeni wake akahangaike juani. Tukajaza chupa zetu, tukanywa chai, tukaaga. Chupa tukazipeleka Kakuma kupimwa.

Mirija yote miwili ikabaki myeupe. Ile ya visima vya Lodwar iliyopimwa meza hiyohiyo, kwa unga uleule, mashahidi wake walikuwa manjano kama ada. Ya Nakalale, kipimo mweupe na shahidi mweupe. Dada alirudia, akapata vilevile. Kisha akafungua chupa, akainusa, akanipa na mimi ninuse. Maji yalikuwa yananukia maziwa. Yaani si maziwa yenyewe: ule moshi ambao akina mama wa Kiturkana husafishia vibuyu vya maziwa, vijiti vya mti vinawashwa, makaa yanatiwa ndani ya kibuyu na kutikiswa, mpaka chombo kinakuwa safi na kinapata ile ladha. Nikampa chupa yule mvulana wa Nakalale. Alinusa mara moja tu, akajifunika uso kwa mikono miwili na kuanza kucheka.

Shangazi, kumbe, alipoambiwa wageni wanakuja, alitoa vibuyu vyake vizuri, akavifukiza upya, ndipo akateka maji ndani yake. Mgeni hapewi kitu kwenye mtungi wa plastiki unaonuka harufu ya duka. Alitutendea heshima kubwa kuliko tuliyostahili, na heshima hiyo ndiyo iliyoua unga wetu. Dada hakuishia kwenye kucheka. Aliazima kibuyu kilichofukizwa kwa mama jirani na kambi, akatia ndani maji ya Lodwar ambayo shahidi wake alikuwa ameshatoa rangi vizuri, akayaacha humo, akapima tena. Shahidi akabaki mweupe. Kalas, yaani basi, akasema, tumempata mkosaji. Siku chache baadaye yule mvulana akarudi Nakalale, akajaza chupa pampuni moja kwa moja huku shangazi anamlaumu kwa kumwaibisha. Safari hii shahidi aligeuka manjano. Na mrija wa kipimo nao ukageuka manjano. Maji ya Nakalale hayakuwa salama hata kidogo.

Mimi niliona hiyo ndiyo kazi bora tuliyowahi kuifanya. Tulikuwa tumegundua kosa ambalo lingeweza kutupata popote huku, kwa sababu vibuyu viko kila nyumba. Tukamwandikia kapteni kila kitu, na picha za mirija. Akajibu kwa kidole gumba. Kidole gumba tu! Kisha tukafungua ukurasa wa mradi, tukakuta Nakalale imewekwa alama ya kijani, maji salama, na maneno kwamba timu imeleta habari njema kwa jamii ya wafugaji.

Tukaitisha mkutano wa video. Mtandao wa Kakuma unajulikana, dada alikuwa anaganda kila mara kama sanamu, lakini alisema aliyotaka kusema. Kapteni alieleza kwamba ukurasa ulikuwa umeshafungwa kwa sehemu kubwa, bango limeshachapwa, na ile hadithi ya kisima kimoja kibaya na kimoja kizuri inaeleweka haraka na waamuzi. Habari za moshi zitawachanganya. Na kwani mrija haukuwa mweupe kweli? Ulikuwa mweupe. Hatujadanganya mtu.

Dada akamjibu bila kupandisha sauti. "Shahidi hajatoa rangi. Hapo huna jibu zuri wala baya, huna jibu. Ukiandika salama, watoto watayanywa kwa neno lako."

Kapteni akamshukuru kwa mchango wake. Naapa, maneno hayohayo. Mori ulinipanda mpaka nikazima kamera nisije nikaonekana nilivyo. Huyu kijana si mtu mbaya, na hilo ndilo lililozidi kuniudhi. Angekuwa jambazi ningejua pa kumshika. Yeye alikuwa anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na sidhani kama hata mwenyewe alijua.

Wiki ya barua ikafika. Barua zikaja Lodwar: yangu, na ya yule mvulana wa Nakalale. Ya Kakuma hakuna. Nikauliza, nikaambiwa kwamba nafasi ni chache, na baada ya kutafakari wameona Kakuma watajwe kwenye sehemu ya jamii zilizofikiwa na mradi, si kwenye sehemu ya timu shirikishi, ili kuepuka kutofautiana kuhusu matokeo. Zilizofikiwa! Mtu ametengeneza kitu chenu, amekirekebisha, amewaonyesha kilipovunjikia, halafu mnasema mmemfikia. Ala! Nilisoma ule ujumbe nimesimama sokoni Lodwar na mkononi nina nyanya, na muuza nyanya akaniomba niziweke chini kabla sijazimaliza kwa kuzibinya.

Nilikwenda Kakuma kumwambia mwenyewe kwa mdomo, sikutaka alisome kwenye simu. Alikuwa dukani kwa mama yake anapima sukari. Alimaliza kuipima, akafunga mfuko, akampa mteja, ndipo akaniuliza kama ni hakika. Nikamwambia ni hakika. Mama yake aliongea maneno mengi ya Kiarabu cha Juba ambayo sikuyaelewa yote, ila sauti niliielewa. Mimi nikasema siendi. Nitawaandikia kwamba Lodwar imejitoa, waone watashirikiana na nani, sharti lao watalitimiza kwa kujishirikisha na vivuli vyao. Nilikuwa nimeshajipanga kwa hotuba nzima.

Akanikata. Akasema nikigoma, jukwaani hapo hatakuwapo hata mmoja aliyemwona shahidi kwa macho yake, na Nakalale itabaki ya kijani milele. "Nenda," akaniambia. "Wakiuliza habari ya shahidi, nipigie."

Nikaenda, nimenuna njia nzima. Ukumbi ulikuwa mkubwa na baridi. Bango letu lilikuwa na yule mama wa mtungi, na mimi kila nikimwona namkumbuka dada na vifungo vyake shingoni. Kapteni alipanda jukwaani na suti nzuri, akaongea vizuri, hilo simnyimi. Akaonyesha mrija wa manjano wa Lodwar, watu wakavutiwa. Akaonyesha mweupe wa Nakalale, akasema hapa, kwa furaha, tuliweza kuwahakikishia wafugaji kwamba maji yao ni salama. Yule mvulana wa Nakalale alikuwa amekaa kando yangu. Shangazi yake anakunywa maji yale.

Kisha mwamuzi mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akauliza swali moja tu: mlijuaje kwamba huo weupe ni wa maji mazuri, si wa unga uliokufa?

Ukumbi mzima haukujua kwamba hilo ni swali ambalo sufuria za Kakuma zinalijua kwa moyo. Kapteni akatabasamu, akasema kuhusu hilo mshirika wetu kutoka Turkana atajibu. Nikapanda jukwaani, akanipa maikrofoni. Mimi nilikuwa najua jibu lote. Lakini nilitoa simu nikampigia mwenye jibu, nikaweka sauti nje, nikaishikisha kwenye maikrofoni. Iliita kwa muda mrefu kiasi kwamba watu wakaanza kukohoa. Ilipopokelewa, kwanza tukasikia mtu dukani anaulizia unga.

Nikamwambia dada, uko mbele ya waamuzi, wameuliza habari ya shahidi. Hakuuliza mara mbili. Alisalimia, kisha akasema, "Kabla sijajibu naomba kumuuliza kapteni. Huo mrija mweupe ulionao hapo, mwenzake yuko wapi?"

Kapteni hakuwa naye. Hakumleta. Sidhani kama alikumbuka kwamba yupo. Basi dada akaeleza yeye: mirija miwili, vibuyu, moshi, heshima ya shangazi, kibuyu cha kuazima, maji ya pampuni, manjano. Alieleza taratibu na kwa mpangilio, na alipofika kwenye shangazi watu walicheka vizuri, cheko la kumpenda shangazi. Akamaliza kwa kusema kwamba maji ya Nakalale si salama, na anaomba ile alama ibadilishwe leo. Yule mama wa miwani alikuwa anaandika tangu mwanzo mpaka mwisho.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu walisimama. Mpiga picha wetu, yuleyule, akanijia mbio akaniomba niinue simu juu ili aipige picha, na kapteni naye akasogea awe ndani ya picha hiyo, uso umejaa fahari ya kweli kabisa. Nikaishusha simu mpaka sikioni. Nikamwambia dada, unasikia? Wanakupigia wewe.

Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kupimia sukari, "Nasikia. Waulize kama barua bado inaweza kuandikwa. Kuna maonyesho ya mwisho keshokutwa, nikiondoka leo nafika."

Nikarudi kwenye maikrofoni. Makofi yalikuwa bado yanaendelea, nikangoja yaishe. Nikauliza vilevile alivyosema yeye, sikuongeza neno langu hata moja. Kapteni akamtazama mwalimu wake, mwalimu akamtazama msimamizi wa ukumbi, msimamizi akatazama saa. Mtu akasema kwamba hilo ni suala la utaratibu, litazungumzwa baadaye, sasa tuipishe timu inayofuata.

Ile alama ya Nakalale waliibadilisha jioni ileile, na sasa shangazi anachota maji kwenye kisima cha mbali. Simu ilikuwa bado wazi wakati natelemka jukwaani. Dada alikuwa bado yupo, anasubiri niseme wamejibu nini.